FC ya Mwanga na FC ya Dar

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Mwanga, Kigoma mjini, ana PS4, mashine ya gemu ya Sony. Binamu yake yuko Dar, ana PS5, iliyoifuata. Wote wawili wana EA Sports FC 26, gemu ya mpira wa miguu ambayo zamani iliitwa FIFA. Jumamosi moja waliahidiana kukutana mtandaoni saa tatu usiku, wakatafutana mpaka saa nne na nusu, wapi. Kesho yake kijana akanifuata kibandani kwangu, nami nilikuwa nimefungua pedi ya mteja iliyokuwa inamkimbiza mchezaji kushoto bila kuguswa.

"Kaka, jina moja, Mbappé ni yule yule. Mbona hatuonani?"

Nikamwambia hamuonani kwa sababu gemu zenu si moja. Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa natania. Tangu FIFA 23, wenye PS5, Xbox Series na kompyuta wanakutana wao kwa wao, na wenye PS4 na Xbox One wao kwa wao. Ukuta katikati. Lakini nenda kwenye Fortnite, gemu ya kupigana risasi kisiwani: mwenye Switch, kadude ka Nintendo ka mwaka 2017 kenye RAM ya gigabaiti 4, anashuka kisiwa kimoja na mwenye PS5 na wanapigana risasi kama kawaida. Switch ni dhaifu kuliko PS4. Iweje mdhaifu akutane na wakubwa, na PS4 ifungiwe nje? Ukitaka kujua watengenezaji wa gemu wanavyozigawia mashine zenye nguvu tofauti kazi ile ile, anzia kwenye swali hilo.

Gemu ni picha zinazochorwa upya bila kukoma. Ili mpira uteleze vizuri machoni, mashine ichore picha 60 kila sekunde, yaani kila picha, au fremu, ina milisekunde 16.7 tu. Ikichora 30, ina milisekunde 33.3. Ndani ya kipande hicho cha muda kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuamua: mpira umefika wapi, beki amegusa au hakugusa, ni kitufe gani kimebonyezwa. Ya pili ni kuchora kilichoamuliwa. Kuamua hufanywa zaidi na prosesa, kuchora hufanywa na chipu ya picha, na RAM ndiyo meza ambayo wote wawili wanatandaza vitu vyao.

Kuchora kunapunguzika. Kuamua kunapunguzika kwa maumivu, na wakati mwingine hakupunguziki kabisa.

Tuanze na kilicho rahisi. TV ya 4K ina pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha, 3,840 kwa 2,160, karibu milioni 8.3. Ya 1080p ina milioni 2 na kidogo, robo ya hizo. Ya 720p haifiki hata milioni moja. Ukiiambia mashine ichore pikseli chache halafu picha ivutwe ijae kioo, umeipunguzia mzigo mkubwa na bao bado ni bao. Hesabu hii ndiyo Microsoft waliyoitegemea Novemba 2020 walipotoa Xbox mbili siku moja. Series X ina teraflopi 12 za nguvu ya kuchora, Series S ina 4. Prosesa zao karibu zinalingana: viini 8 vya aina moja, kimoja kinakwenda gigahezi 3.8 na kingine 3.6. Maana yake, wote wawili waamue sawasawa, ila mdogo achore pikseli chache. Kwenye karatasi inapendeza. Tutaona ilipogomea.

Siku hizi wingi wa pikseli hauwekwi mara moja ukabaki hapo. Bodaboda akipanda kutoka stesheni kuja Mwanga na abiria wawili, anashusha gia kabla pikipiki haijakohoa. Akifika juu anapandisha. Gemu inafanya hivyo hivyo. Kona inapigwa, wachezaji wote wamejazana kwenye boksi, mvua inanyesha, mashabiki wamesimama: pikseli zinashushwa kwa sekunde mbili tatu, mpira ukitoka zinarudishwa. Wengi hawaoni, na wasipoona ndiyo kazi imefanikiwa.

Kisha kuna ujanja wa kukisia. DLSS ya Nvidia, FSR ya AMD na PSSR iliyokuja na PS5 Pro Novemba 2024 zote zinachukua picha ndogo, zinatazama na fremu zilizopita, zinajaza pikseli ambazo hazikuchorwa. Pale kitu kilipotulia, majibu yanashangaza. Kinapokwenda kasi, mpira unaacha mkia wa kivuli nyuma yake kama kimondo. Mimi naona studio nyingi zimeugeuza ujanja huu mkongojo. Ulikuja kumsaidia dhaifu, sasa hata mashine ya bei ya pikipiki iliyochakaa haitembei bila huo.

Kingine kinachopunguzwa ni umbali. Simama Kibirizi jioni moja baada ya mvua, tazama ng'ambo ya ziwa. Milima ya Kongo iko pale, mstari wa bluu uliokatwa vizuri. Kule kuna miti, nyumba, mbuzi na watu, lakini macho yako yanapewa mstari tu nawe huhisi umepunjwa. Mtengenezaji wa gemu anaujua udhaifu huu wa macho. Nyumba moja anaichonga mara nne: ya karibu ina pembetatu elfu kadhaa, maana maumbo ya gemu huundwa kwa pembetatu ndogo ndogo, ya mbali kidogo nusu yake, ya mbali zaidi kisanduku chenye rangi, ya mwisho ni picha bapa. Ukiisogelea, zinabadilishana kimya kimya. Kwenye mashine yenye nguvu, nyumba kamili inaonekana toka mbali. Kwenye dhaifu, mpaka uwe mlangoni. Ndiyo maana kwenye PS4 unaweza kuona mti unachomoza ghafla kama umeitwa. Unreal Engine 5 ya mwaka 2022, programu ya kutengenezea gemu, ina mfumo uitwao Nanite unaochagua wenyewe ni pembetatu ngapi zinafaa kwa kila umbali, na msanii hachongi tena kila ngazi kwa mkono. Ila mfumo huo nao unataka mashine yenye misuli.

Na kiangazi, moshi wa mashamba ukitanda juu ya ziwa, hiyo milima inatoweka kabisa. Hilo nalo waliliiga zamani. Waliocheza gemu ya San Andreas kwenye PS2 wanaukumbuka ule ukungu wa rangi ya chungwa juu ya Los Santos. Tuliuona ni joto la California. Kazi yake nyingine ilikuwa kuficha mahali mji unapoishia, maana PS2 ilikuwa na megabaiti 32 za RAM. Simu unayosomea hapa pengine inatumia zaidi ya hizo kuonyesha ukurasa mmoja tu.

Sasa RAM, ambako ndiko mambo yanakokuwa magumu. Kila kitu kwenye gemu kimevishwa picha: jezi, ngozi, matofali, nyasi. Picha ya pikseli 4,096 kwa 4,096 ukiipunguza iwe 2,048 kwa 2,048, inakula robo ya nafasi. Kwa hiyo wanapunguza, jezi inapoteza nyuzi, matofali yanakuwa kama yamefutwa na kitambaa, maisha yanaendelea. Lakini RAM haibebi picha peke yake. Inabeba pia hali ya dunia nzima: nani yuko wapi, mlango upi umefunguliwa, adui gani amekwishakufa. Hiyo huwezi kuifuta na kitambaa.

Hapo ndipo Series S ilipogomea. Ile kubwa ina RAM ya gigabaiti 16. Ndogo ina 10, na katika hizo 8 tu ndizo zenye kasi. Mwaka 2023 Larian Studios ya Ubelgiji ilitoa Baldur's Gate 3, kwenye kompyuta mwezi Agosti, kwenye PS5 Septemba. Watu wa Xbox wakasubiri hadi Desemba. Nyasi hazikuwa tatizo, wala pikseli. Gemu ile inaruhusu watu wawili wakae kochi moja, TV igawanywe katikati, mmoja aende pangoni na mwingine aende sokoni. Mashine inalazimika kushika mezani pango na soko kwa wakati mmoja, na watu wote waliomo. Series S haikutosha. Sharti la Microsoft lilikuwa kwamba Xbox zote mbili zipewe gemu yenye mambo yale yale, kwa hiyo ndogo ikaizuia kubwa. Mwishowe wakaruhusu Series S iachwe bila kugawanya kioo. Ikakipata kipengele hicho Aprili 2025.

Kijana wangu hapa akanikata: mbona kwenye banda la Mjomba watu wawili wanashika pedi mbili mbele ya TV moja tangu enzi za TV za chogo, na hakuna kilichowahi kugoma? Swali zuri. Ni kwa sababu wote wako uwanja mmoja na kamera ni moja. Mpira wa miguu haumruhusu winga aondoke uwanjani akanunue dagaa Kibirizi.

Baada ya RAM kuna diski, na hii watu huisahau. PS4 ilitoka 2013 na diski ya kuzunguka, yenye sindano inayokimbia huku na huko kutafuta data. Ukikimbia mjini kwenye gemu, mtaa wa mbele unatakiwa uwe umekwishasomwa kabla hujafika. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alipoieleza mashine hiyo Machi 2020 alitoa mfano wa Marvel's Spider-Man ya PS4: vitu vidogo vya barabarani kama masanduku ya barua vilirudiwa kwenye diski hata mara 400. Ni kama mama muuza dagaa anayeweka debe kila kona ya soko ili asikimbie stoo kila akija mteja. Nafasi inaliwa, lakini miguu inapona. PS5 ina SSD, diski isiyozunguka, inayosoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde na haina sindano ya kukimbiza, debe moja linatosha. Sasa mwambie mtu aliyejenga mji wake akitegemea kasi hiyo aurudishe kwenye diski ya kuzunguka. Hapo hatapunguza kitu. Ataubomoa na kuujenga upya.

Nikimweleza kijana hayo nilimwonyesha bandarini, alikolala mzee Liemba miaka yote. Meli ile Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 wakijua kabisa kwamba mwisho wa safari itapita kwenye behewa. Wakaifunga kwa bolti, wakaifungua tena, wakaipakia kwenye maelfu ya makasha, meli hadi Dar, treni hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915. Wangeijenga nzima kwanza wakaiwazia reli baadaye, ingebaki pwani.

CD Projekt Red wa Poland walijenga nzima kwanza. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kwenye PS4 ikawa aibu: magari yanachomoza kutoka hewani, nyuso kama udongo usiokauka, gemu inajizima. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, ikarudi Juni 2021. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Marcin Iwiński, alieleza Januari 2021 kwamba walitaka kwanza ipendeze kwenye kompyuta kisha ndiyo wairekebishe kwa mashine za gemu kama PS4, na kwamba kupitisha data za mji ule kwenye mashine za zamani kuliwazidi kimo. Nyongeza yake kubwa ya mwaka 2023, Phantom Liberty, PS4 haikupewa kabisa.

Cha kuchekesha, kampuni hiyo hiyo mwaka mmoja kabla ilikuwa imefanikiwa kwenye jambo lililoonekana gumu zaidi. Oktoba 2019, wakishirikiana na Saber Interactive, waliiingiza The Witcher 3 nzima pamoja na nyongeza zake kwenye kadi ya gigabaiti 32 ya Switch. Ukiishika mkononi inachora pikseli za 540p, nyasi chache, vivuli vya kukisia. Lakini msitu ni ule, mazimwi ni yale, hakuna kijiji kilichofutwa. Gemu hiyo ilizaliwa 2015 kwa ajili ya prosesa dhaifu za PS4 na Xbox One. Mzigo wake wa kuamua ulikuwa mwepesi tangu tumboni, kilichobaki kikubwa kilikuwa kunyoa kwenye kuchora.

Kuamua kwenyewe kuna mtego mmoja unaowanasa wanafunzi wote wa programu. Anayeanza huandika: kila fremu, sogeza mpira hatua moja. Kwenye mashine yake inakwenda vizuri. Ipeleke kwenye mashine inayochora fremu mara mbili, mpira unakimbia mara mbili, golikipa anakuwa kichekesho. Dawa ni kuuliza kila mara muda gani umepita tangu fremu iliyotangulia, na kusogeza mpira kwa kadiri ya muda huo. Au kuamua kwa mapigo yasiyobadilika, tuseme 60 kwa sekunde, halafu kuchora kuje wakati wowote kunapoweza. Studio zinazofanya hili mapema zinaweza kutoa fremu 30 kwenye mashine moja na 120 kwenye nyingine, na mpira ukaanguka pale pale.

Ndiyo siri ya Fortnite. Tangu Desemba 2022, kwenye PS5 na Xbox Series inatumia Nanite pamoja na mfumo wa mwanga unaoitwa Lumen, ukuta unaonekana tofali kwa tofali. Switch haina habari hizo. Lakini ukuta upo pale pale, una urefu ule ule, na risasi inagota pale pale. Kichaka kinachoweza kumficha mtu hakiondolewi kwenye mashine yoyote, la sivyo mmoja angekuwa anajificha nyuma ya hewa. Kokoto za urembo, hizo nyoa utakavyo.

Na FC? FIFA 22 ilileta teknolojia waliyoiita HyperMotion. Waliwavisha wanasoka 22 mavazi ya kunasa miondoko, wakacheza mechi nzima, kisha programu ya kujifunza yenyewe ikatumia data hizo kutengeneza miondoko mipya wakati mchezo unaendelea. Iliwekwa kwenye PS5 na Xbox Series. PS4 haikuipata, na mwaka ule hata kompyuta ziliachwa na toleo la zamani. Angalia kilichopunguzwa hapo. Hatua za mchezaji, namna anavyouweka mwili kuupokea mpira, muda anaotumia kugeuka: vyote hivyo viko upande wa kuamua. Mchezaji wa Dar anageuka kwa kanuni moja, wa Mwanga kwa nyingine. Ukiwaweka uwanja mmoja, mpira utaamuliwa na mashine ya nani?

EA, kampuni yenye gemu hiyo, hawakuanza jana. Mwaka 2013 FIFA 14 ilitoka kwenye PS2, PS3 na PS4, jina moja kwenye makava matatu. PS2 ilikuwa na umri wa miaka 13. Aliyedhani ile ni gemu moja iliyopunguzwa mara mbili alikosea. Zilikuwa gemu tatu zilizovishwa jezi moja. Siwalaumu sana. Kulikuwa na mabanda kuanzia Ujiji mpaka Tabora yaliyoishi kwa PS2 ile.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako bila kununua chochote, na simu yako ina PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP ya Sony, kama za vijana wengi hapa, ingia kwenye mipangilio ya picha. Kioo cha PSP kilikuwa na pikseli 480 kwa 272. Weka moja mara PSP, cheza. Weka mbili mara, pikseli zimekuwa mara nne. Endelea kupandisha mpaka simu ianze kuchemka na sauti kukatika. Mpira haujabadilika hata chembe, kipa anakosea pale pale. Umepandisha na kushusha kuchora peke yake.

Mjomba mwenye banda alikuwa anatusikiliza, akauliza lililo lake: auze PS4 zote mbili anunue PS5 moja? Nikatazama TV zake, inchi 32, za 720p. Nikamwambia PS5 itachora pikseli nyingi ambazo TV itazikusanya tena ziwe chache. Atapata picha iliyotulia kidogo, gemu itafunguka haraka, na miondoko mipya ya FC. Lakini kwa wateja wa jero kwa mechi, pedi nne nzima zina faida kuliko hayo yote. Hakufurahi. Kesho yake alileta pedi tatu nitengeneze.

Kwa kijana na binamu yake ilikuwepo njia. PS5 inacheza gemu za PS4, na aliyenunua FC kwenye PS5 mara nyingi anapewa ruhusa ya kupakua na toleo la PS4. Aliyeko juu ateremke. Binamu alilalamika kuhusu bando, akalipakua usiku kucha, na Jumapili iliyofuata wakaonana hatimaye, kijana akiwa ameunganisha PS4 yake na intaneti ya simu, mbele ya TV ya dada yake. Kipindi cha kwanza binamu alitumia muda mwingi kutuma sauti WhatsApp akisema wachezaji wake wanageuka kama wamebeba magunia. Alifungwa tatu moja.